Sara Alicheka: Mbona Tunamficha?

Sisi waandishi chipukizi wa Karagwe na Kyerwa tuna ugonjwa mmoja, na ni afadhali tuuseme wenyewe kabla hatujasemwa na wengine. Kila tukiandika juu ya imani, tunalia. Mashairi yetu ya dini yamejaa machozi, mabonde ya giza na mishumaa inayozimika. Mhusika wetu akiingia kanisani ukurasa wa tatu, ukurasa wa nne yuko magotini, macho mekundu. Hacheki hata siku moja. Akitokea mtu wa kucheka, basi ni yule mlevi wa kilabuni anayewadhihaki wanaokwenda ibadani, na msomaji anajua papo hapo kwamba kabla hadithi haijaisha mlevi huyo atagongwa na gari.

Hali hii hatukuizua sisi, tumeikuta. Katika ibada zetu, iwe kwa Walutheri, kwa Waanglikana au kwa Wakatoliki, chozi ni ushahidi na kicheko ni utovu wa nidhamu. Mama akilia katikati ya wimbo, majirani wanasema ameguswa. Kijana akicheka katikati ya mahubiri, mzee wa kanisa anamtolea macho. Sasa mwandishi aliyekulia humo atamtoa wapi mhusika anayecheka na bado akawa muumini?

Hoja ya makala haya ni moja tu. Kicheko chenye shaka ndani yake ni sehemu ya imani yenyewe, na fasihi inayokificha inaificha pia neema. Neema ni kitu unachopewa bila kustahili. Mtu ambaye hajawahi kuwa na shaka wala aibu, hiyo neema ataipeleka wapi?

Shahidi wangu wa kwanza ni Sara, mke wa Ibrahimu. Utasema, ndugu msomaji, kwamba hayo ni mahubiri na si uhakiki. La hasha. Kisa cha Sara ni hadithi kama hadithi nyingine: kina wahusika, kina mgogoro, kina lugha iliyochaguliwa kwa makini. Na kinasomwa vibaya.

Hebu tukitazame. Katika Mwanzo sura ya 17, Ibrahimu anaambiwa kwamba Sara atazaa mwana. Anaanguka kifudifudi, jambo la heshima kabisa, na akiwa pale pale chini anacheka. Anajiuliza moyoni kama mzee wa miaka 100 na bibi wa miaka 90 wanaweza kupata mtoto. Kwa hiyo wa kwanza kucheka ni Ibrahimu, baba wa imani mwenyewe! Wala hakemewi. Anajibiwa tu kwamba mtoto atazaliwa na jina lake litakuwa Isaka.

Sura ya 18 wanakuja wageni watatu jua likiwa kali. Mzee anakimbia huku na huko kama mwenyeji yeyote wa kwetu aliyeshtukizwa na wageni wakubwa: maji ya miguu, ndama, mikate. Wageni wanakula chini ya mti. Sara yuko nyuma, kwenye mlango wa hema, anasikiliza. Wanasema mwakani atakuwa na mwana. Sara anacheka, lakini anacheka moyoni, bila sauti. Anajiambia kwamba yeye amechakaa, na bwana wake naye ni mzee. Mungu anamwuliza mume: kwa nini Sara amecheka? Sara anaogopa, anakana. Anajibiwa kwamba hapana, amecheka. Na hapo mazungumzo yanakatika. Hakuna adhabu. Hakuna ahadi iliyofutwa. Mtoto anazaliwa sura ya 21 kwa wakati ule ule uliotajwa, na Sara anasema kwamba kicheko alicho nacho sasa amekipata kwa Mungu, na kila atakayesikia habari zake atacheka pamoja naye.

Sasa linganisha na jinsi tunavyokisimulia. Katika maigizo ya vijana, Ibrahimu husimama wima, ndevu za pamba, sauti nzito, hana shaka hata chembe. Sara ndiye anayechekwa. Anachezwa kama bibi mpumbavu asiyeamini. Kicheko cha Ibrahimu kimeachwa nyuma ya jukwaa. Kwa nini? Kwa sababu tumezoea kwamba nyumba isipokuwa na mtoto, mwenye kosa anajulikana kabla ya kuulizwa. Mwanamke. Vijijini kwetu wapo wanawake wanaokaa benchi la nyuma miaka nenda rudi, wakisikiliza mahubiri ya Sara yakimalizikia kwa swali la kama kuna mtu humu ndani ana imani haba. Uhakiki wa hadithi hii, basi, si mchezo wa wasomi. Yupo mtu anayeumia tukiisoma ovyo.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hulipita. Sara alisema mambo mawili moyoni: kwamba yeye amechakaa, na kwamba mume wake ni mzee. Mungu alipoyafikisha maneno hayo kwa Ibrahimu, alifikisha moja. Lile la uzee wa mume aliliacha. Walimu wa Kiyahudi waliliona hilo zamani sana, wakafundisha kwamba liliachwa kwa ajili ya amani ya nyumba. Fikiri, bwana! Katikati ya kumwuliza mwanamke juu ya shaka yake, Mungu anamsitiri. Anaipunguza kauli ili wazee wale wawili wasije wakagombana usiku. Mimi sijaona mahali ambapo neema imechorwa kwa mkono mwepesi kuliko hapo. Ukiondoa kicheko, huu usitiri nao unatoweka, kwa maana hakutakuwa na la kusitiri.

Tatizo la pili ni la lugha. Jina Isaka, kwa Kiebrania, lina maana ya kucheka. Ni kama kumwita mtoto "Atacheka". Msikilizaji wa kwanza wa hadithi hii alisikia kicheko kila jina hilo lilipotajwa. Sisi tunasoma kwa Kiswahili, na Kiswahili kimelichukua jina lilivyo, likabaki sauti tupu. Isaka ni Isaka, kama Petro ni Petro. Utani wote wa hadithi umefia njiani.

Kumbe wasomaji waliokuwa na uwezo mkubwa wa kuuelewa utani huo ni sisi! Mnyambo, kama Mhaya na kama Mnyankole wa ng'ambo ya mto Kagera, haoni ajabu jina kuwa sentensi. Tumusiime ni kusema "tumshukuru". Tumwesige ni "tumtumainie". Byarugaba ni "vya Rugaba", yaani vya Mungu Mgawaji, na Rugaba ni jina ambalo wazee hawakulipata kwa mmisionari. Ukisoma orodha ya darasa la kwanza katika shule yoyote ya Nkwenda au ya Bugene unasoma maungamo ya imani ya ukoo mzima, moja chini ya jingine. Wapo wanaoshukuru, wapo wanaotumaini, wapo wanaonung'unika juu ya majirani. Ukimwambia bibi wa Kinyambo kwamba mtoto wa Sara aliitwa kwa kitenzi kile kile cha *okusheka*, hatahitaji maelezo. Atacheka mwenyewe. Lakini nani amemwambia?

Waislamu nao wana kisa hiki, na mpangilio wake unafaa kuchunguzwa. Katika Kurani, Sura ya Hud, mke wa Ibrahimu amesimama karibu wakati wageni wanazungumza. Anacheka kwanza, ndipo anapewa habari njema za Is-haka, na baada ya Is-haka, Yakubu. Kicheko kinatangulia habari. Wafasiri wa Kiislamu wametoa sababu mbalimbali za kicheko hicho: wako wanaosema ni cha kuondokewa na hofu, wako wanaosema ni cha mshangao. Maandiko yenyewe hayasemi. Kwa jicho la mhakiki, ukimya huo ni mzuri. Mwanamke anacheka, na Mungu anakipokea kicheko chake kabla hakijaeleweka.

Nimewataja Waislamu kwa sababu katika historia ya Karagwe wao walitangulia. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na ikulu ya Mukama Rumanyika, kabla ya mmisionari yeyote. Na Biblia nayo ilifunguliwa hapa kwa njia ya ajabu kidogo. Mwishoni mwa mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa Rumanyika, akiwa njiani kutafuta chanzo cha Nile. Katika kitabu chake kilichotoka 1863 anaeleza jinsi alivyoitumia Biblia, akianzia na Adamu, kumfafanulia Mukama asili ya ukoo wake wa watawala. Kwa Speke, Maandiko yalikuwa daftari la koo: nani katokana na nani, nani ana damu gani. Sisi tunajua nadharia za namna hiyo zilikuja kuleta balaa gani ng'ambo ya Kagera.

Speke huyo huyo, katika ikulu hiyo hiyo, alichukua futi akampima mwanamke wa jamaa ya kifalme aliyenoneshwa kwa maziwa, kama ilivyokuwa desturi. Alipima mkono, kifua, paja, akaandika vipimo vyote kitabuni, na wasomaji wa Ulaya wakapata cha kuchekea. Hapo ndipo lazima tuwe waangalifu. Nikitetea kicheko sisemi kila kicheko ni kitakatifu. Kipo kicheko cha mwenye futi. Huyu anacheka akiwa juu, na anayechekwa hana nafasi ya kujibu. Sara alicheka akiwa chini, kwenye mlango wa nyuma, akijicheka na yeye mwenyewe. Mwandishi asiyejua tofauti ya vicheko hivi viwili atadhani anaandika ucheshi kumbe anapima watu.

Kipo na kicheko cha tatu, nacho ni cha mkoa wetu kabisa. Tarehe 30 Januari 1962, wiki saba hivi baada ya Uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, ambako leo ni wilaya ya Muleba, walianza kucheka wasiweze kujizuia. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Waliporudi makwao ugonjwa ukaenda nao. Katika kijiji cha Nshamba watu 217 walipatwa. Wenyeji waliuita *enwara yokusheka*, ugonjwa wa kucheka. Madaktari Rankin na Philip waliandika taarifa yake mwaka 1963. Walipima wasipate sumu wala kijidudu chochote.

Dunia imeigeuza Kashasha kuwa kichekesho. Ati huko Afrika watu walicheka miezi! Lakini taarifa ya madaktari haichekeshi hata kidogo. Kicheko kilichanganyika na kilio na fujo. Wengine walisema wanasikia vitu vikitembea kichwani, wengine waliogopa kwamba kuna mtu anawakimbiza. Hawa walikuwa wasichana wa miaka 12 hadi 18, mbali na mama zao, chini ya kengele na nidhamu ya bweni. Walimu hawakupatwa. Sitaki kujifanya daktari. Nausoma tu huo waraka kama maandishi. Na ninachokiona ni hofu iliyokosa mlango wa kutokea, ikatokea mdomoni.

Rudi sasa kwa Sara. Hadithi inasema wazi kwamba alikana kwa sababu aliogopa. Kicheko chake nacho kilikuwa na hofu: hofu ya kutumaini tena baada ya kuvunjwa moyo mara nyingi. Mtu aliyesubiri miaka 24 tangu ahadi ya kwanza, akajizoeza kutosubiri, anaposikia "mwakani" anafanya nini? Kulia amekwisha kulia. Kimebaki kucheka. Hapo mhubiri asione dhambi wala daktari asione ugonjwa. Ni mtu mzima anayelinda kidonda chake.

Katika fasihi ya Kiswahili mtu aliyelijua hilo kwa undani alikuwa ng'ambo ya ziwa, Ukerewe. Aniceti Kitereza, Mkatoliki aliyesomeshwa na mapadre, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya ya mume na mke wasiojaliwa mtoto. Alikuja kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980: *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali*. Miaka 35 ya kusubiri! Mwaka 1981 akafariki.

Ndugu wa mume wanamnyanyasa Bugonoka kwa kukosa mtoto, wazazi wake wanakuja wanamchukua. Kinachofuata ni kichekesho cha heshima. Myombekere anakwenda ukweni kuomba mke wake, anatozwa pombe ya ndizi, na mwandishi hana haraka: ndizi zinaiva, zinakamuliwa, wakwe wanaonja. Msomaji anatabasamu kurasa nyingi wakati moyo wa mtu unauma. Baadaye watoto wanapatikana. Lakini tazama majina. Ntulanalwo, jina la mwana, ni la mtu anayeishi na kifo pembeni yake siku zote. Bulihwali, jina la binti, ni swali: majonzi yatakwisha lini?

Basi tuna majina mawili ya watoto waliosubiriwa. Sara anamwita wake Kicheko. Bugonoka na mumewe wanawaita wao Kifo na Majonzi, ilhali nyumba imejaa furaha. Ukiyasoma juu juu utasema la kwanza ni la imani na haya ya pili ni ya kukata tamaa. Mimi nasema yanafanya kazi moja. Yote yanaikumbuka shaka ile ya zamani ndani ya zawadi yenyewe. Hayaifuti. Mtoto anakua, anaitwa kila asubuhi aende kuchota maji, na kila anapoitwa wazazi wanakumbuka kwamba walikuwa wameacha kutumaini.

Hapa ndipo nagombana kidogo na ushuhuda, ambao ndio utanzu mkubwa wa masimulizi ya imani kwetu. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda na Tanganyika, ulifika na huku, na wimbo wake wa Kiganda, *Tukutendereza*, bado unaimbwa. Uamsho huo ulifanya jambo kubwa: uliwapa watu wadogo ruhusa ya kusimama na kusimulia maisha yao mbele ya wakubwa. Hiyo ni fasihi, na tuiheshimu. Lakini umbo lake limeganda. Nilikuwa hivi, nikakutwa, sasa niko hivi. Shaka yote inawekwa sehemu ya kwanza, ikafungiwa humo. Sehemu ya tatu ni safi kama shuka la Pasaka. Msikilizaji ambaye ameokoka miaka kumi na bado anaamka usiku na maswali, anaketi pale akidhani yuko peke yake duniani.

Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, alimwingiza Sara katika orodha ya watu wa imani. Sara yule yule aliyecheka. Hakumtafutia Sara mwingine. Maana yake ni kwamba mapokeo yenyewe yana nafasi ambayo sisi tumeifunga.

Na nisiwadanganye kwamba kicheko kikishapatikana mambo yamekwisha. Sura hiyo hiyo ya 21, mara tu baada ya furaha, Sara anamwona mwana wa Hajiri, mjakazi wake, akicheka au akifanya mzaha. Kwa Kiebrania ni kitenzi kile kile kilichomo katika jina la Isaka. Kiswahili kimekitafsiri kuwa dhihaka, nasi tukapitwa tena. Sara aliyepewa kicheko bure hawezi kuvumilia kicheko cha mtoto wa mwingine. Anataka mama na mwana wafukuzwe, na wanafukuzwa, wanaingia jangwani na kiriba cha maji. Mungu anawafuata huko huko. Mhusika aliyepata neema na bado akawa mkali kwa mwenzake, huyo ndiye mhusika wa kweli, na ndiye ambaye katika hadithi zetu hayupo kabisa. Wetu wakishaokoka wanakuwa picha za ukutani.

Wenzangu, dhamira ya imani haitaki machozi zaidi, yametosha. Tuandike mama wa Kaisho anayemwambia katekista, kwa adabu zote, kwamba ahadi hiyo kwa umri wake inachekesha, halafu Jumapili ijayo anakuja tena na mkungu wake wa ndizi kwa ajili ya mnada. Tuandike mzee wa kanisa mwenye maswali ambayo hajawahi kumwambia mtu. Tuwape majina ya Kinyambo yenye sentensi ndani, na tuyaache majina yafanye kazi yake bila sisi kuyafafanua. Hadithi ya aina hiyo ukiwa nayo, ilete kwa mhariri. Ila tafadhali, mlevi wa kilabuni safari hii afike nyumbani salama.